Maswali ya wasomaji: Umefunga wewe, kafungua mwingine

Toleo lililopita tuliongelea kupendezesha gari, rimu gani inakaa vizuri, spotilaiti ipi haiwapofushi wenzako, redio ya skrini kubwa inaungwaje bila kukatakata waya. Nilifurahi kweli kuandika ile. Sasa barua za safari hii nimezisoma nikajiona kama nimewaponza, maana nusu yenu mnasema mlifunga, mkafurahi wiki mbili tatu, mkaamka asubuhi mkakuta matundu na waya zinaning'inia. Poleni sana. Tuanze na hii kwa sababu zimekuja barua nne zinazofanana nayo.

*Fundi habari za kazi. Vioo vya saidi mira vimeibiwa mara 3 ndani ya mwaka mmoja, mara zote usiku, mara zote kioo tu, kava wanaliacha zima kabisa. Safari hii nimenunua vile vyenye indiketa ndani na waya wa kukausha ukungu, ni vya bei. Mmoja kaniambia nivipige riveti, mwingine anasema gundi inatosha. Nimsikilize nani? Aliyechoka kununua vioo.*

Dada (au kaka, hukusema), kwanza nikwambie kwa nini kava wanaliacha, ukishajua hapo dawa umeijua. Kioo cha saidi mira hakijafungwa na skrubu. Kimebanwa tu kwa nyuma na vishikizo vya plastiki kwenye kisahani, na kisahani ndio mota inakisukuma juu chini kushoto kulia. Viwanda vilifanya hivyo ili kioo kikipasuka ubadilishe kioo peke yake, sio mira nzima. Sasa urahisi aliopewa fundi ndio huohuo kibaka anautumia, anaingiza vidole au bisibisi bapa pembeni, anavuta, tak, kimetoka, anachomoa na waya za nyuma, kazi imeisha kabla mbwa wa jirani hajamaliza kubweka.

Riveti na gundi vyote vinafanya kazi moja, vinamchelewesha, alafu vinahakikisha akilazimisha kioo kinapasuka, na kioo kilichopasuka hakina mteja. Hata ukipiga vyote viwili bado anaweza kukitoa, ila anaondoka na vipande. Tofauti yao ni hii. Riveti zinapigwa kwenye vibati vidogo vinavyokumbatia ukingo wa kioo na kushika kwenye kava, na zikishapigwa kioo hakisogei tena maisha. Kwahiyo kabla fundi hajashika drili, kaa kwenye siti yako vile unavyokaa siku zote, rekebisha vioo mpaka uridhike, ndio apige. Baada ya hapo swichi ya kurekebisha mira isahau, ukiibonyeza mota itahangaika bure na vijino vyake vitaisha. Na kama gari mnaendesha wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, hizo riveti zitawagombanisha, nawaambia mapema.

Gundi yenyewe inakaa nyuma, kati ya kioo na kile kisahani, kwahiyo kioo kinaendelea kucheza kama kawaida. Ila chagua gundi inayobaki mpirampira ikikauka, sio ile inayokuwa jiwe, maana jua na huo waya wa kukausha ukungu vinatanua na kusinyaza kila siku, gundi ngumu itakupasulia kioo yenyewe kabla hata ya kibaka. Usiipake ikafika kwenye soketi za waya. Na ujue siku kioo kikigongwa na pikipiki utanunua na kisahani chake.

Ningekuwa wewe, kwa hivyo vya bei ningepaka gundi, alafu ningechonga namba ya gari pembeni ya kioo, herufi ndogo lakini zisomeke mtu akisimama karibu. Kioo chenye namba ya mtu mwingine kinamtia aibu anayekinunua. Na kama mira zako zinakunjika, zikunje kila ukipaki, kioo kinaangaliana na dirisha na vidole vinakosa pa kuingia. Hiyo haina gharama na hakuna anayeifanya.

*Shikamoo fundi. Nilifunga rimu za aloi inchi 18 na nati za kufuli, moja kila tairi. Juzi nimepata pancha njiani, nafungua buti, ufunguo wa hizo nati haupo. Nadhani ulibaki niliposawazishiwa matairi mwezi uliopita, nimewapigia wanasema hawajauona. Nimelala barabarani masaa matano. Hizi nati zinanilinda mimi au zinamlinda mwizi? Kijana wa rimu.*

Marahaba mdogo wangu. Samahani nimecheka, nimecheka kwa sababu na mimi limenikuta, tena nikiwa fundi mzima na ovaroli langu.

Ulipozinunua ndani ya boksi palikuwa na kadi au karatasi yenye kodi, yaani herufi na namba kadhaa. Hiyo kadi ndio mali. Ukiwa nayo unaagiza ufunguo mwingine kwa aliyezitengeneza. Kama umeitupa na boksi, basi fundi atazitoa kwa soketi maalum yenye meno ya kinyume, inauma nati kadri unavyofungua, au atachukua soketi ya zamani iliyo ndogo kidogo aigonge kwa nyundo mpaka ishike. Najua unachowaza hapo. Ndio, mwizi anaijua hiyo ya nyundo vizuri tu. Ndio maana unaponunua mpya usichukue zile zenye michongo tu juu, chukua zenye bangili inayozunguka kwa nje, akigongea soketi bangili inazunguka peke yake na nati imetulia. Nyundo zenyewe usiku zina kelele, na kelele ndio kitu asichokitaka.

Moja kila tairi inatosha. Watu wengine wanafunga zote za kufuli, wanajipa kazi, siku ya pancha utaimba. Ila angalia kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakwambii, sehemu nati inapokalia kwenye rimu ina maumbo tofauti, kuna rimu inataka nati ya pembe kama funeli na kuna inayotaka ya duara kama mpira, na rimu za kununua mara nyingi haziko sawa na zile gari iliyotoka nazo kiwandani. Nati ya umbo baya unaiona imekaza kumbe imegusa sehemu ndogo tu, inalegea ukiwa kwenye mwendo. Hapo mwizi sio tatizo lako tena. Weka na nati nne au tano za kawaida kwenye buti kwa ajili ya tairi la akiba, hasa kama lile ni la rimu ya chuma.

Ufunguo wa hizo nati usikae kwenye droo ya dashibodi, wote tunauweka humo na mwizi anajua tunauweka humo, akivunja kioo umempa rimu na ufunguo wake. Ukipeleka gari kwa watu wa matairi mkabidhi mkononi, simama hapo, na umwambie ile nati ya kufuli asiifungue wala kuikaza na bunduki ya upepo, inachana michongo ya ufunguo. Aikaze kwa mkono na spana ya kupimia nguvu, gari ndogo nyingi ni kati ya newton mita 90 na 120, kitabu cha gari yako ndio cha kusikilizwa, alafu ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 zikazwe tena.

Kama gari inalala nje tafuta alamu yenye senso ya mwinamo. Alamu ya kawaida inasikiliza milango, mtu akiingiza jeki taratibu akanyanyua upande mmoja yenyewe imelala fofofo. Na ukipaki sogea karibu na ukuta upande mmoja, alafu zungusha stelingi mpaka mwisho, tairi la mbele likikaa upande upande kuzifikia nati ni mateso.

*Mwanangu fundi, mimi ni mama mtu mzima. Kijana wangu kanifungia redio ya skrini kubwa na lile dude la kishindo nyuma, ananiambia nifunike na kitambaa nikishuka. Kweli kitambaa kinazuia mwizi? Mama wa gari ya kelele.*

Shikamoo mama. Kitambaa kinasaidia kwa anayepita akichungulia tu, ila kitambaa kilichotandazwa vizuri juu ya dashibodi usiku na chenyewe ni tangazo. Mwambie kijana akufanyie mambo mengine. Redio nyingi zinaingia kwenye fremu ya bati na kushikwa na vindimi, ukiwa na vifunguo viwili vyembamba unaivuta kama droo. Kwa nyuma kuna tundu la bolti ambalo mafundi wenye haraka hawalitumii. Afunge mkanda wa chuma hapo mpaka kwenye bodi. Zile skrini kubwa zinazoshikwa na skrubu pembeni zitolewe skrubu za kawaida ziwekwe za nyota zenye kipini katikati, bisibisi yake sio kila mtu anatembea nayo.

Redio nyingine ukikata umeme wa betri zinaomba namba ya siri zikiwashwa tena, kama yako inayo iwashe. Tatizo mwizi halijui hilo mpaka afike nayo kwao, wewe utakuwa umeshapoteza redio na kioo cha mlango, kwahiyo bandika stika dirishani inayosema redio ina namba ya siri. Lile dude la kishindo, wufa, lisikae tu kwenye buti kama mzigo. Lifungwe na bolti zinazotokea chini ya gari kwenda juu, au zifungwe kwenye fremu ya siti, alafu zulia lipite juu.

Na mama, punguza sauti dakika kumi kabla ya kufika unapopaki. Usinune, nakuheshimu, lakini mtaa mzima unajua una wufa.

*Fundi, nina pikapu, nimeweka keria juu na laiti baa, spotilaiti mbili kwenye bampa la chuma, madumu mawili ya mafuta ubavuni, hema la kulala juu, na tairi la akiba liko chini. Kila kitu kimefungwa na bolti za kawaida za spana namba 13 na nati zake. Nimeanza kukosa usingizi. Mpenda porini.*

Kaka, kwa maelezo haya mtu mwenye spana moja ya 13 anakuvua gari yote mpaka ibaki kama ilivyotoka dukani. Sio lazima ubadilishe kila bolti, hapana, utafilisika. Kwenye kila kifaa badilisha moja au mbili zile zilizo ngumu kufikia.

Kwa vitu ambavyo hutegemei kuvitoa, kama bracketi za spotilaiti na laiti baa, kuna bolti za kukatika kichwa. Unakaza, unakaza, ikifika nguvu yake kichwa kinakatika chenyewe kinabaki kitu laini kama titi, spana haina pa kushika. Kuitoa ni drili au grenda. Kwahiyo kabla hujaikata kichwa washa taa usiku uone zinamulika wapi, nimeshaona mtu kakata zote nne alafu anagundua taa zinamulika miti. Zikishafungwa zinaacha nafasi ndogo sana ya kurekebisha.

Kwa vitu unavyovitoa mara mojamoja tumia nati za ufunguo maalum, ila zote ziwe za ufunguo mmoja usije ukatembea na shada. Paka na gundi ya nyuzi za bolti. Ile ya bluu unafungua kwa spana ukitia nguvu, ile nyekundu inataka moto wa kama digrii 250 ndio iachie, kwahiyo nyekundu usiiweke karibu na waya wala plastiki maana siku ya kutoa wewe ndio utakayeunguza.

Kufuli za keria sasa. Nenda kaangalie za kwako, uwezekano mkubwa zimepigwa namba usoni palepale pa kuingizia ufunguo. Hiyo namba ndio ya kuagizia ufunguo mwingine ukipoteza wa kwanza. Safi kwa mwenye mali, ila hata mpita njia anaweza kuisoma akaagiza. Iandike kwenye daftari nyumbani alafu ikwangue au ipake rangi. Hema la juu likiwa halina safari litoe likalale ndani, kwanza linakula mafuta bure kwa upepo. Tairi la chini, lile linaloshushwa na mnyororo au kebo, kuna kifuniko chenye kufuli kinachoziba tundu la kuingizia chuma cha kushushia, kiweke leo. Madumu yafungwe kwa kufuli na mfuniko uwe na kufuli pia, maana wengine dumu hawalitaki wanataka kilichomo.

*Nimefunga kamera ya dashibodi inayorekodi hata gari ikiwa imezimwa ili inilindie vitu vingine. Wiki iliyopita nimesafiri, narudi gari haiwaki. Kamera imerekodi vizuri tu jinsi betri inavyokufa. Naomba ushauri.*

Hahaha, pole. Tupige hesabu. Betri yako tuseme ni ya ampea-saa 60. Kamera ikiwa inalinda inakula kama ampea 0.3, kwa siku ni ampea-saa 7.2, siku nne tu umeshakula karibu nusu ya betri, na betri ya gari haipendi kabisa kushushwa chini ya nusu. Hapo sijahesabu alamu, na sijahesabu kwamba betri ikizeeka zile 60 zinabaki za kwenye stika.

Weka kifaa cha kukata umeme chenyewe volti zikishuka. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama 12.6, ikifika 12.2 iko karibu nusu, kwahiyo mwambie fundi akate hapohapo 12.2, wengine wanaacha mpaka 11.8, hiyo ni kuua betri polepole. Na chagua irekodi ikiguswa gari tu, sio ikiona kitu kinatembea, la sivyo utakuwa na masaa nane ya paka na majani.

Lakini nikuulize na mimi, kamera ikiwa pale juu inang'aa taa yake, inalinda au yenyewe ndio kitoweo? Mara nyingi wanavunja kioo kwa ajili ya kamera hiyohiyo na wanaondoka na kadi yenye sura zao. Kama yako hairushi video kwenye simu, ukipaki mahali pasipoeleweka ing'oe uondoke nayo, na ufute lile duara linalobaki kwenye kioo, wanalitafuta kwa tochi. Na kama gari inashinda juani, siku ukibadilisha chukua kamera yenye kapasita ndani badala ya betri ya lithiamu, betri inavimba kwa joto.

*Gari yangu imeanza kunguruma kama trekta tangu asubuhi. Fundi wa mtaani kasema wamekata masega. Ni nini hicho na wanafanyia nini?*

Masega ni ule mzinga kwenye bomba la moshi unaosafisha hewa chafu, ndani una matundu kama sega la nyuki na umepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali sana, ndio wanayoyafuata. Magari ya juujuu ndio wanayapenda kwa sababu wanaingia chini bila jeki, na yale ya haibridi. Ukirudishia, yale yasiyo ya kiwandani kawaida yana madini kidogo kwahiyo hayavutii sana, ila hakikisha yanakubalika kwenye ukaguzi wa gari yenu. Funga na bamba la chuma chini yake kwa bolti zile za kukatika kichwa nilizozisema juu, na chonga namba ya chasisi kwenye mzinga wenyewe. Namba hiyo ni tarakimu na herufi 17, andika zote usifupishe.

*Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa mpaka wizi. Wameiba rimu, redio na spotilaiti. Bima wamenilipa rimu za chuma na redio ndogo ya kiwandani, spotilaiti wamesema hawazijui. Je wameniibia na wao? Mwenye hasira.*

Ndugu yangu, hasira yako naielewa ila kwa hili sikuungi mkono. Ulipokata bima walihesabu gari kama ilivyotoka kiwandani. Ulichoongeza baadae hawakukihesabu, hawakukitoza, kwahiyo hawakijui, kuna wengine hata wangekataa kabisa wakasema umebadilisha gari bila kuwaambia. Sio uonevu, iko kwenye yale maandishi madogo ambayo wote tunasaini tukiwa tumesimama.

Safari hii kabla hujafunga kitu, waandikie. Barua au imeili, sio maneno ya simu. Orodhesha kila kifaa, aina, siriali namba, bei uliyonunulia, ambatanisha risiti na picha mbili, moja ya kifaa chenyewe na moja kikiwa kwenye gari na namba ya gari inaonekana. Waulize maswali matatu na wakujibu kwa maandishi: watalipa kipya au watapunguza kwa uchakavu, kuna kikomo cha thamani ya vitu vya kuongeza au hakuna, na ni kiasi gani utajilipia mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa. Hilo la mwisho ndio muhimu kuliko yote, maana kama kiasi cha kujilipia ni kikubwa kuliko bei ya spotilaiti zako, hata zikiibiwa kesho hamna utakachodai, na hela ya kuziongeza kwenye bima bora ukanunulie bolti. Rimu na redio za bei ziandikishe.

Siku ikitokea tena, piga picha kabla hujagusa chochote, hata zile waya zinazoning'inia, nenda polisi siku hiyohiyo uchukue namba ya taarifa, ukiwa na siriali namba zako wataziandika. Bila siriali, hata redio yako ikikamatwa kwenye gunia la redio ishirini utathibitishaje ni ya kwako? Na usikimbilie kununua nyingine kwa muuzaji ambaye hana risiti, inawezekana kabisa utauziwa ya kwako.

*Nataka niunganishe umeme kwenye bodi ya gari, akigusa tu arushwe. Inawezekana?*

Hapana. Volti 12 za betri mtu mwenye ngozi kavu hata hazisikii, kwahiyo ili zimrushe itabidi uzipandishe, na ukizipandisha wa kwanza kurushwa ni mtoto aliyefuata mpira chini ya gari, au wewe mwenyewe asubuhi ukiwa na usingizi. Alafu kesi itakuwa yako sio ya mwizi. Nenda kanunue alamu.

*Habari fundi mwenzangu. Mimi nafunga redio, rimu na taa. Mwezi huu wateja wangu watatu wameibiwa vitu nilivyowafungia mimi na maneno yameanza kwamba natuma watu. Sijawahi kugusa cha mtu. Nifanyeje? Fundi anayesingiziwa.*

Mdogo wangu, nakuamini, ila elewa wanavyofikiria. Wewe unajua kilichofungwa, unajua kimefungwa vipi, unajua gari inalala wapi kwa sababu ulimrudishia mwenyewe. Mtu aliyeibiwa anahesabu watu wanaojua hayo matatu na wewe unatokea wa kwanza.

Jitoe kwenye hiyo hesabu. Ukifunga kitu chenye ufunguo au namba ya siri, mkabidhi mteja vyote na asaini kwamba kapokea, usibaki na nakala hata akikubembeleza umtunzie. Vijana wa gereji wanaokuja kujifunza siku mbili wakapotea, hao usiwaache wasikilize mteja akitaja anapokaa. Mpe mteja karatasi yenye siriali namba na picha, kazi ya dakika tano, na siku akiibiwa wewe ndio utakuwa umempa cha kupeleka polisi.

Alafu kuna hili, nimeingia kwenye ukurasa wako kabla sijakujibu. Kazi zako nzuri kweli, waya zimepangwa, hongera. Lakini kila picha ina gari nzima, namba inasomeka, rimu mpya zinang'aa, na chini, karibu zote, umeandika mteja wetu anatoka sehemu fulani. Hao wateja watatu nimewaona humo wote. Hujatuma mtu, umewapa ramani. Futa hizo picha leo, zipandishe upya namba zikiwa zimefunikwa na mtaa umetolewa, na ambaye hataki gari yake ionekane kabisa muulize kabla hujapiga picha, sio baada.